Karatasi Aliyotia Kidole Samueli

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kigoda nikashindwa kukikalia. Ilikuwa katika kituo cha afya cha Fataki, nami nilikuwa nimetoka shule ya wauguzi juzi tu, na viatu vipya vikinibana. Infirmier titulaire, ndivyo tunavyomwita mwuguzi mkuu wa kituo, alinitazama nikiizunguka meza ya dawa mara tatu, akasema: "Weye mutoto, ikala kwanza. Mugonjwa akiona infirmière anakimbia, anafikiri kifo iko nyuma yake." Niliketi kidogo kumridhisha, kisha nikainuka kupanga chupa ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Nimezaliwa hivyo. Mama yangu alisema nilitembea kabla ya kutambaa, na sijui kama alikuwa ananisifu.

Ninyi vijana mnaochana karatasi na kutoa sindano mpya, kisha mnaitupa, hamtaamini tulivyofanya kazi. Sindano zetu zilikuwa za kioo. Tulizichemsha ndani ya sufuria juu ya makaa, na ncha ya chuma ikichakaa tuliinoa kwenye jiwe laini, halafu tukaipitisha kwenye pamba. Ikinasa uzi wa pamba, inarudi kwenye jiwe. Titulaire alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata foleni ilipofika barabarani, kwamba sindano isiyochemka haigusi ngozi ya mtu. "Damu ya mutu iko nyumba yake," alisema. "Hauingii mule na viatu ya inje." Mimi nilimcheka moyoni, nikaona mzee anatupotezea asubuhi. Miaka mingi baadaye niliona wanaume wazima wakiletwa wamebebwa kwa sababu ya ncha moja iliyopita katika mikono ya watu wanne, nikamkumbuka kwa adabu.

Kutoka Fataki nilihamishiwa Mahagi, kwenye hospitali iliyosimamiwa na Sœur Directrice, mtawa mfupi aliyevaa saa mbili, moja kila mkono, kwa kuwa hakuziamini zote mbili. Huko ndiko nilikojifunza karatasi inayoitwa décharge. Mgonjwa akitaka kuondoka kabla hajapona, anatia sahihi, au kidole kama hakusoma, kwamba anatoka kwa mapenzi yake na hospitali haina lawama. Mahagi iko mpakani, watu walikuwa wepesi kumchukua mgonjwa wao na kumvusha kwenda kujaribu dawa za upande wa pili, kwa hiyo karatasi ile ilitumika sana. Sœur Directrice hakuipenda. Kabla ya kuitoa alitaka dokta amwone mgonjwa, ndugu wasikie, na kila mtu anywe maji. Nilipomwambia kwamba mambo hayo yanachelewesha, alitazama saa zake zote mbili. "Kunichelewesha mimi au kukuchelewesha weye?" akauliza.

Vita sitaisimulia. Nilikimbia kama wengine, nikarudi kama wengine, na nilipohesabu watoto wangu, wote walikuwepo, jambo ambalo majirani wengi hawakuweza kusema. Baada yake nilipewa kazi Bunia, katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina, nikawa chef, yaani mkuu, wa salle ya wanaume, ile wodi. Wagonjwa waliniita Mama Chef.

Ilikuwa amani, ndivyo redio ilivyosema. Lakini ilikuwa amani ya kulala na viatu karibu. Kila nyumba ilikuwa na bunda lililofungwa tayari nyuma ya mlango: nguo, sufuria, karatasi za shule za watoto. Leo barabara ya Fataki inapitika, kesho haipitiki. Soko linajaa asubuhi, na saa tano mtu mmoja anakimbia kwa sababu zake mwenyewe, na soko zima linamfuata. Nami niliyekuwa na miguu isiyotulia tangu kuzaliwa, sasa nilikuwa na mji mzima wa kunisaidia.

Lazima niwaeleze jambo moja ambalo wageni hawalielewi, ingawa ninyi mnalijua. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Anakuja na garde-malade, mtu wake wa kumtunza: ndiye anayepika, anayefua shuka, anayemgeuza kitandani, anayekimbilia dawa mjini. Mara nyingi ni mama, dada au mke. Nyuma ya salle yetu kulikuwa na banda refu la bati, la kupikia, ambamo wanawake hao waliishi kwa majuma, mafiga yao yamepangana. Mlinzi alijua kila mmoja ni wa kitanda gani. Asiye na mgonjwa alifukuzwa bandani, na mgonjwa asiye na garde-malade hakupewa kitanda zaidi ya siku moja. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na hakuna aliyeivunja.

Miaka hiyo ndiyo tulianza kupokea watu wa sindano. Wengi walitoka kwenye machimbo ya dhahabu. Jiwe limemponda mtu mguu, kliniki ndogo imempiga sindano ya maumivu, mguu umepona, na sindano imebaki. Wengine walibeba silaha zamani na hawakutaka kukumbuka. Walijichoma dawa ya vichupa iliyouzwa kwa siri, na mara nyingine unga uliopitishwa mpakani, kikundi kizima kwa sindano moja. Walikuja na majipu mapajani na mikononi, na baadhi yao na ule ugonjwa madaktari wanaouita endocardite. Moyo una milango midogo ya kupitisha damu. Vijidudu vikiingia na sindano chafu, vinasafiri na damu mpaka kwenye mlango mmoja, vinakaa hapo na kuutafuna. Mtu anapata homa isiyosikia dawa ya malaria, anatetemeka, anahema akipanda ngazi mbili. Kidonge hakitoshi. Inatakiwa dawa ya mshipani kila saa sita, kwa wiki sita, bila kuruka.

Wiki sita! Na hawa walikuwa watu ambao mishipa yao ilikuwa imekauka kama kamba ya mbuzi, tukitafuta mahali pa kuweka katheta, ule mrija mwembamba wa serumu, yaani dripu, hata kwenye mguu, hata shingoni. Halafu siku ya pili au ya tatu walianza kitu kingine: miayo, machozi, kamasi, tumbo kukatika, ngozi kusisimka kama ya kuku, na hasira. Tuliwapa kwinini tukidhani ni malaria. Kwinini iliposhindwa tulisema ni tabia mbaya. Mimi nilisema hivyo kwa sauti, kwenye ripoti ya asubuhi, na watu walicheka. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kwamba mwili ulikuwa unalilia dawa yake, na kwamba kilio hicho ni ugonjwa juu ya ugonjwa. Nami sikuuliza.

Samueli alitoka Kpandroma. Alikuwa na miaka kama thelathini, mchimbaji, mrefu hata miguu yake ilitoka nje ya kitanda. Mama yake alikuja naye, mwanamke mkavu mwenye kitambaa cha kijani, anayesema kidogo. Dokta alisikia mvumo kwenye moyo, akaandika wiki sita. Siku ya tatu Samueli alianza kutetemeka na kupiga kelele. Aling'oa katheta iliyonichukua nusu ya asubuhi kuiweka. Damu ilitapakaa ukutani.

Ilikuwa karibu saa nane mchana, saa ya kubadilishana zamu. Koridoni, juu ya mkeka, alilala mzee mwenye homa ya matumbo akingoja kitanda. Samueli akasema: "Mi nataka kwenda. Muniache niende." Nami nilikuwa na kijitabu cha décharge mfukoni mwa blauzi, koti langu la kazi, kwa maana nilitembea nacho kama kalamu. Nilichana karatasi moja palepale.

"Mama iko wapi?" aliniuliza. Meno yake yaligongana.

"Tia kidole," nikamwambia.

Mama alikuwa bandani anapika maharagwe. Kutoka salle mpaka bandani ni hatua arobaini, nimezihesabu mara nyingi baadaye. Sikumwita. Nilishika kidole gumba cha Samueli mimi mwenyewe, kwa kuwa mkono wake haukutulia, nikakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Akatoka kwa mlango wa pembeni akishika ukuta. Shuka zilibadilishwa, yule mzee akapandishwa kitandani, nikampa zamu mwenzangu kila kitu kikiwa safi.

Mama yake aliingia na sufuria na kukuta mtu mwingine.

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Amekataa matunzo. Ametia kidole."

Aliweka sufuria chini polepole, hakuimwaga, akatoka mbio. Alimpata jioni, kwa rafiki zake, na hakuweza kumrudisha. Siku ya nne pikipiki iliingia uani ikiwa na watu watatu. Dereva mbele, kaka yake Samueli nyuma, na katikati yao Samueli, ameshikwa wima, amekwisha kufa njiani. Médecin Directeur, daktari mkuu wa hospitali, aliomba faili. Aliitazama décharge, akaigeuza nyuma na mbele, akanirudishia. "Karatasi iko en règle, Mama Chef," akasema. Neno hilo, kwamba karatasi haina kasoro, lingenifariji kama ningekuwa sijashika kile kidole.

Baada ya matanga mama yake alirudi Bunia peke yake. Alinikuta ninagawa vidonge. Hakunisalimia vibaya. "Mama Chef, minaomba kuona ile karatasi," akasema. "Baba yake anauliza mutoto alisema nini mbele ya kutia kidole. Mi hapana jua ya kumujibu."

Karatasi ilikuwa kwenye mtoto wa meza yangu ofisini, mita tatu kutoka tuliposimama. Nikasema: "Iko kwa Directeur. Iko na safari. Urudi siku ingine."

Kesho yake barabara ya kwao ilifungwa. Kulikuwa na mapigano njiani, au uvumi wa mapigano, na kwa dereva wa lori hayo mawili ni kitu kimoja. Mama Samueli hakuwa na pa kurudi. Alienda bandani, kwa wanawake waliomfahamu, na wakamficha siku mbili nyuma ya kuni zao. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa ofisi yangu. "Directeur amerudi?" "Bado." Nami nilimwona Directeur akipita dirishani na koti lake jeupe, naye Mama Samueli alimwona pia.

Siku hizo hizo aliletwa Amisi. Dereva wa pikipiki alimshusha getini na kwenda zake. Alikuwa mchimbaji kutoka upande wa Kisangani, Mwislamu, hana ndugu hata mmoja Bunia. Alikuwa na jipu pajani, homa, na mvumo moyoni. Dokta wa salle wakati huo alikuwa kijana mgeni, mpole, mwenye kutaka kujua kila kitu. Aliandika wiki sita. Mlinzi alikuja kuuliza: "Mutu wake ni nani?" Nikasema hana. "Basi kesho anatoka," akasema mlinzi, na alikuwa na haki kwa sheria yetu.

Mchana huo mlinzi alimgundua Mama Samueli nyuma ya kuni, akamtoa bandani. Nilidhani ameondoka. Badala yake aliingia salle, akasimama mbele yangu na sufuria yake mkononi.

"Nimesikia uko na mutu ya sindano, hana mutu wake."

"Ni kweli."

"Andika jina yangu."

Nilimwambia huyu si ndugu yake, si wa dini yake, si wa lugha yake. Alinitazama kama mtu anayengoja mvua iishe. "Mu banda banataka mutu iko na mugonjwa," akasema. "Weye unataka mugonjwa iko na mutu. Andika. Lakini nisikie, Mama Chef. Siku ukimuletea ule mutu karatasi ya kutoka, utaniita kwanza. Hata niko mu choo, utaniita."

Niliandika.

Jioni hiyo Amisi hakukubali hata kutazama chakula chake. Siku ya tatu yakaanza yale yale, miayo, kamasi, matusi. Yule dokta kijana alinivuta pembeni. Akasema amesoma kwamba mtu wa namna hii akipewa dawa ya kutuliza kwa kipimo kidogo, kwa saa, kama tunavyotoa dawa nyingine yoyote, anaweza kuvumilia. Tulienda pamoja kwa Médecin Directeur.

"Hopitali haiko nganda ya pombe," akasema Directeur. "Leo munamupa, kesho bote ya mugini batakuya kulewa hapa."

"Monsieur le Directeur, bila ile hatalala hapa wiki sita," dokta akajibu. "Atatoka kesho, na atakufa kwa moyo. Ule wa kwanza, Samueli, alitoka vile."

Directeur alinigeukia. Alijua nilivyokuwa mwepesi wa décharge, na alitegemea niseme kama yeye. Nilisikia miguu yangu ikitaka kutoka mlangoni. Nikasema: "Mi nitamupa mwenyewe, kwa mukono yangu, na nitaandika kila mara. Ikipotea kipimo moja, munifukuze." Alifikiri kidogo, akatia sahihi. Sijui mpaka leo kama alinihurumia au alichoka na sura yangu.

Msidhani dawa ile ilimfanya Amisi malaika. Ilipunguza makali tu. Siku ya tano alinishika blauzi akitaka kutoka. "Leta ile karatasi. Batu bote banajua iko karatasi. Leta nitie kidole." Kijitabu kilikuwa mfukoni. Nilitoka nacho, nikatembea hatua arobaini, nikamwita Mama Samueli. Alikuja na unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko.

Alikaa pembeni mwa kitanda. Hakumhubiria. "Utatia," akamwambia. "Hakuna mutu atakuzuia. Lakini foufou iko moto. Kula, kisha utatia." Amisi alimtukana. Mama akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki, akamngoja. Mgonjwa haulizwi uji, wazee walisema, na huyu mama hakuwa anauliza. Amisi alikula matonge matatu, akatapika mawili, akalala. Kesho yake akadai karatasi tena, nikaenda tena kumwita, na chakula kikawa tayari tena. Kwa muda wa juma zima na zaidi tulifanya hivyo karibu kila siku. Nilikuwa nikienda na kurudi kwenye lile banda mpaka wanawake wakanitania kwamba nimeajiriwa kuonja mboga.

Katika wiki ya tatu, mchana, uvumi uliingia mjini kwamba watu wenye silaha wanakuja kutoka vilimani. Nilisikia maduka yakifungwa, bati kwa bati, halafu pikipiki, halafu miguu ya watu wengi. Garde-malade walikunja mikeka. Mtu mmoja alimbeba baba yake mgongoni na serumu ikining'inia. Mimi, chef wa salle, nilivua blauzi, nikakimbia nyumbani kwa watoto wangu. Sitapamba jambo hili. Nilikimbia bila kumwambia mtu, na vidonge nimeviacha juu ya meza.

Hakuna aliyekuja. Ulikuwa uvumi kama mwingine. Saa tisa nilirudi, nikapita kati ya vitanda vitupu. Amisi alikuwepo. Mama Samueli alikuwa ameketi naye, ameushika mkono wake wenye katheta kwa mikono yote miwili ili usigongwe na waliokuwa wakikimbia, na amekaa hivyo saa zote zile.

"Saa sita imepita," akaniambia. "Sindano yake ya saa sita haukupiga."

Nilipiga ile sindano nikiwa ninahema. Nilitaka anitukane. Amisi ndiye aliyesema, akitazama dari: "Mama huyu nilimuambia akimbie. Akasema yee anangoja mutu."

Wiki ya sita ilitimia. Homa ilikuwa imekwisha, jipu limefunga, mvumo ulibaki kidogo lakini dokta alisema mlango wa moyo umeshika. Amisi alipewa karatasi ya kutoka, ile ya waliopona, na dokta akampangia kurudi kila juma kwa dawa yake ya kutuliza, ipunguzwe kidogo kidogo. Alipiga magoti mbele ya Mama Samueli hapo uani, mtu mzima na ndevu zake. Mama alimwinua haraka, kwa aibu, akamfungia vifungo vya shati. Amisi alitoka getini kwa miguu yake. Alirudi majuma machache, kisha akarudi machimboni, na baada ya hapo sijui. Ningependa kuwaambia aliacha kabisa. Sijui, na kazi yetu ina mengi ya namna hiyo.

Nilibaki na Mama Samueli uani. Alikuwa amefunga kitambaa chake cha kijani na sufuria yake ndani ya gunia, kwa kuwa malori ya Kpandroma yalikuwa yameanza tena. Sikungoja aulize. Nilienda ofisini, nikafungua meza, nikamletea karatasi. Hakujua kusoma. Aliitazama alama ya kidole, ilivyokuwa imechafuka, imeburutwa upande mmoja.

"Alisema nini?" akauliza.

"Aliuliza mama iko wapi."

Nikaendelea, kwa kuwa nilijua nikisimama hapo sitaendelea tena. Nilimwambia kwamba kidole nilikishika mimi. Kwamba Directeur hakuwa safarini. Kwamba kulikuwa na mtu mkekani, zamu ilikuwa inaisha, nilikuwa nimechoka na kelele, nilitaka kitanda. Kwamba ni hatua arobaini na sikwenda.

"Nilijua juu ya Directeur," akasema. "Nilikuwa naona koti yake. Nilikuwa nangoja weye useme."

Nikaanza kulia, nikamwomba msamaha, nikamshukuru kwa Amisi. Akanikatiza bila hasira. "Amisi nilimuchunga juu yake yee mwenyewe. Hapana juu yako. Hapana changanya ile mambo." Akanirudishia karatasi. "Hii hapana chukua. Mi nimesikia kwa kinywa yako. Lakini baba yake hajasikia. Siku moja utapanda kwetu, utamuambia vile umeniambia mimi. Mi siwezi kumuambia. Nikisema mi, atafikiri nilikuwa mbali." Akabeba gunia lake kichwani.

Tangu siku ile, katika salle yangu, décharge haikutolewa mpaka garde-malade asimame kitandani na dokta aje. Wauguzi wapya walininung'unikia kwamba ninawachelewesha. Kijitabu nilikitoa mfukoni nikakifungia. Watu wa sindano waliendelea kuja. Wengine walipona, wengine walitoroka dirishani, wengine walikufa mikononi mwetu wakiwa na kila dawa tuliyokuwa nayo. Lakini hakuna tena aliyetoka akiuliza mama yake yuko wapi. Hilo peke yake ndilo ninaloweza kujisifia.

Sasa nimestaafu. Niliagwa kwa soda na hotuba, Directeur mpya akasema nimekuwa mfano, nami nikatazama viatu vyangu. Vijana mnakuja hapa nyumbani kuniuliza siri ya kupata mshipa mgumu. Nawaeleza: maji ya uvuguvugu, subira, na usimwite mgonjwa majina. Mnaandika kwenye madaftari yenu. Mnaniona ninavyozunguka ua, ninapanga upya vitu vilivyopangwa, mnacheka kwamba Mama Chef bado yuko zamu.

Sijapanda Kpandroma. Miaka ya kazi nilisema sina likizo. Nilipostaafu nilisema barabara mbaya, na kweli mara nyingine ilikuwa mbaya. Lakini nina tabia ya kwenda kwenye kituo cha pikipiki na kuuliza kila dereva anayetoka kule: yule mzee, baba yake marehemu Samueli, bado yupo? Bado yupo, wananiambia. Analima, anaenda kanisani. Nilijidanganya kwamba ninauliza kwa upendo.

Juzi dereva mmoja aliniambia mzee ni mgonjwa sana, pengine hatamaliza mwezi. Na moyo wangu, vijana, ulifurahi. Nilisimama pale kituoni nikausikia ukifurahi, mimi mwuguzi, kwa kuwa mtu ameugua na nitaepuka kumwambia. Nilikwenda nyumbani nikakaa chini mpaka haya ninayoandika yakaisha. Dereva huyo anakuja kesho asubuhi kunipeleka Kpandroma, na nimemwambia nikisema nimebadilisha nia, asinisikilize.